Turffontein: uwanja wa farasi uliogeuzwa kambi

Turffontein, kusini mwa Johannesburg, ni jina linalojulikana kwa mbio za farasi. Mwishoni mwa mwaka 1900, uwanja huohuo ulipokea wageni wa namna nyingine: wanawake na watoto wa Makaburu.

Jeshi la Uingereza lilikuwa limeiteka Johannesburg tarehe 31 Mei 1900, lakini wapiganaji wa Kikaburu walihamia maporini. Ili kuwanyima chakula na hifadhi, majenerali Roberts na Kitchener waliamuru mashamba yao yachomwe moto. Familia zilizobaki bila paa zikapelekwa kambini. Waingereza waliziita kambi hizo za wakimbizi, ingawa aliyeletwa humo kwa gari la jeshi hakuwa amemkimbia mtu.

Huko Turffontein watu walisongamana katika majengo ya uwanja na mabanda ya mabati. Mwanzoni, katika kambi za Transvaal, familia ambayo baba yake alikuwa angali vitani ilipewa posho ndogo kuliko ile ambayo baba yake alikwisha jisalimisha. Mtoto, basi, aliadhibiwa kwa bunduki ya babaye. Surua ikafanya yaliyobakia, kwani watoto waliolelewa katika mashamba yaliyotawanyika walikuwa hawajawahi kukutana na ugonjwa huo.

Bibi Emily Hobhouse, Mwingereza aliyezitembelea kambi za kusini mapema mwaka 1901, aliwaamsha wananchi wenzake. Serikali ikatuma tume ya wanawake chini ya Millicent Fawcett, na hali ikaanza kuwa nafuu. Hata hivyo, hadi amani ilipotiwa saini tarehe 31 Mei 1902, Makaburu wapatao 28,000 walikuwa wamefariki katika kambi zote, wengi wao watoto.

Kwetu sisi neno Kaburu huleta kumbukumbu ya ubaguzi wa rangi, na pengine msikilizaji atasita kuwaonea huruma. Lakini yapo makaburi mengine. Waafrika waliokuwa wakiishi katika mashamba hayohayo walifungiwa kambi zao kando ya reli. Wanaume walilifanyia jeshi kazi, na familia zilitakiwa zijilimie chakula. Vifo vilivyoandikwa ni zaidi ya 14,000, na wanahistoria wanaamini kwamba vingi havikuandikwa. Makaburu walijengewa mnara huko Bloemfontein mwaka 1913. Waafrika hawakutajwa humo.