Kidonge Usichokijua, Usikimeze



Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, watu zaidi ya 1,000 wa Ituri, jirani zetu sisi wa Butembo na Beni, waliugua: shingo zilipinda, ulimi ukatoka nje, uso ukakakamaa. Wengi walidhani ni homa ya uti wa mgongo. Vipimo vya maabara vikaonyesha kwamba vidonge vya manjano vilivyouzwa kama diazepamu vilikuwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili.

Basi rangi peke yake haitoshi. Tazama umbo, mstari wa kukatia, herufi na nambari zilizochapwa. Hata zikilingana na unazozijua, hakikisha pakiti ina jina la dawa, nambari ya toleo na tarehe ya kuisha.

Mama, baba, ukipimiwa vidonge kutoka kopo kubwa, omba jina, kipimo na tarehe viandikwe kwenye mfuko. Usichanganye dawa mbili katika chupa moja.

Kidonge kisicho na jina usimpe mtu. Kipeleke kituo cha afya. Aliyekwisha kumeza akianza kukakamaa, mkimbize hospitali, na vidonge vilivyobaki mkononi.