Oili Ipi Yafaa Land Rover Kuukuu?

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi



Tumeombwa na tawi tuseme juu ya oili ya injini, hasa kwa magari ya zamani yapitayo njia mbaya. Huenda wengine watauliza, jambo hili lahusu nini chama? Jibu ni kwamba wenzetu wengi ni madereva na mafundi, na injini ikikwama mtu wa kwanza kuulizwa ni dereva. Tumeona mwenzetu mmoja akikatwa mshahara mwezi baada ya mwezi kwa ajili ya injini iliyokufa, wala hakuna aliyeuliza ni nani aliyenunua oili, na ilikuwa oili ya namna gani. Tena wako wanachama waliochanga fedha wakanunua Land Rover kuukuu ya kubebea maziwa na viazi. Gari la namna hiyo likiharibika, si mali ya mtu mmoja iliyopotea, ni akiba ya watu wengi.

Tutachukua mfano wa gari mnalolijua: Land Rover yenye injini ya petroli ya lita mbili na robo. Injini hiyo ilianza mwaka 1958 katika Series II, ikaendelea katika Series III mpaka 1985. Ni injini ngumu na yenye subira, lakini haikutengenezwa kwa oili nyepesi za magari ya siku hizi. Nafasi kati ya vyuma vyake ni kubwa kuliko ya injini mpya, na baada ya miaka mingi ya vumbi nafasi hiyo imezidi.

Jambo la kwanza ni kusoma mkebe. Mkiona 20W-50, maana yake ni hii. Namba iliyo kabla ya W yaeleza jinsi oili inavyokwenda wakati wa baridi. Oili ya 20W hujaribiwa injini ikiwa katika baridi ya digrii 15 chini ya sifuri. Sisi watu wa reli twaijua baridi ya alfajiri kule Timboroa, lakini hata Timboroa haifiki hapo. Kwa hiyo hapa kwetu hatuna haja ya kununua namba ndogo kwa kuogopa baridi. Namba ya pili yaonyesha uzito wa oili ikiwa moto, kwa digrii 100. Kadiri namba ilivyo kubwa ndivyo oili ilivyo nzito.

Kwa injini hiyo ya petroli, 20W-50 ya kawaida yafaa, ikiwa ni Mombasa au ni Molo. Kama injini ingali nzima, 15W-40 pia yafaa. Lakini 5W-30 au 0W-20 isitiwe, hata kama bei yake ni kubwa na mkebe unang'aa. Itavuja penye sili zilizochoka, na ikiwa moto itakuwa nyepesi mno kwa beringi zilizolika. Bei kubwa si ushahidi kwamba oili yafaa gari lako.

Jambo la pili ni herufi. S ni ya petroli, C ni ya dizeli. Herufi ifuatayo yaonyesha umri wa kipimo: SA na SB ni vya kale kabisa, na SB haifai injini nyingi zilizotengenezwa baada ya 1951. SP ilianza mwaka 2020. Herufi mpya haidhuru injini ya zamani, mradi uzito wa oili uwe ule unaotakiwa. Kwa Land Rover ya dizeli tafuteni 15W-40 yenye CI-4. Mkebe usio na herufi yoyote uacheni dukani.

Jambo la tatu latuhusu sana sisi wa karakana. Wako watu wanaodhani kwamba oili ya injini ya gari moshi, kwa kuwa ni ya mashine kubwa, itakuwa dawa kwa gari dogo. Hivi sivyo. Ziko injini za gari moshi, kama zile za EMD za Marekani, ambazo zilikuwa na beringi zilizotiwa fedha, na zinki huila fedha. Kwa hiyo oili yake ilitengenezwa bila zinki. Lakini injini ya gari yaihitaji zinki hiyo, kwa maana ndiyo izuiayo chuma kusaga chuma. Basi pipa la karakana libaki karakana. Kulichota ni kupoteza kazi na injini pamoja.

Vile vile oili ya gia si ya injini. Namba 90 ya oili ya gia haimaanishi kwamba ni nzito karibu mara mbili ya 50. Vipimo vyake ni mbali, na uzito wake hukaribiana na 40 au 50 ya injini. Anayeitia kwenye injini ili kuzima kelele anajidanganya. Oili nzito haiponyi pistoni zilizolika, huficha ugonjwa tu mpaka siku ya mlima.

Oili iliyo njema nayo huharibika. Kila asubuhi vuta kijiti cha kupimia, tazama na kunusa. Ikinuka petroli na kiwango kimepanda, huenda kiwambo cha pampu ya petroli kimepasuka. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, gari lisiendeshwe. Chini ya klachi kuna tundu lenye kizibo cha kuvukia mto. Baada ya kuvuka, kizibo kitolewe. Oili ikidondoka hapo, mjue sili ya nyuma ya injini au ya gia imechoka.

Injini hiyo huchukua lita 6, na karibu lita moja zaidi ya filta. Badilisheni zote mbili pamoja. Katika njia ya murramu sisi twashauri kilomita 3,000, si zaidi ya 5,000. Tena msisahau kisafisha hewa chenye oili chini yake: kikijaa matope, vumbi lote huingia katika pistoni, na oili yoyote mtakayonunua ni bure.

Nunueni mkebe wenye muhuri mzima na alama ya ubora ya KEBS. Ukiisha, utoboeni, asije mtu akaujaza uchafu na kuwauzia wenzenu. Oili iliyotumika isimwagwe karibu na kisima. Nayo yaweza kuleta saratani ya ngozi ikigusa mwili siku nyingi. Basi vaeni glavu, naweni kwa sabuni, wala msitie vitambaa vya oili mfukoni. Glavu na sabuni si zawadi. Mwajiri apaswa kuvitoa.

Mwisho, ndugu, kila gari liwe na daftari. Andikeni tarehe, kilomita, namba na herufi za oili, na jina la aliyeitoa, naye atie sahihi. Akitoa oili isiyofaa, dereva aandike kwamba amekataa, na amwarifu katibu wa tawi siku ile ile. Tunaliomba tawi lizungumze na waajiri ili daftari hili likubaliwe kila mahali wenzetu wanapoendesha, na mtu asikatwe hata shilingi moja kabla halijafunguliwa na kusomwa mbele yake.