Filimbi Asiyoisikia

Ndugu msikilizaji, Jumamosi iliyopita nilipita kwenye kiwanja cha shule moja ya msingi hapa Dar es Salaam, nikakuta wasichana wanacheza netiboli. Mwamuzi alikuwa akipuliza filimbi na papo hapo kupeperusha kitambaa chekundu. Nikamuuliza mama mmoja sababu ya kitambaa. "Ni kwa ajili ya yule bubu," akanijibu, akimwonyesha mfungaji.

Wenzake hawakumwita hivyo. Walimwita kwa kugusa shavu kwa kidole, maana akicheka ana vishimo mashavuni. Hilo ndilo jina lake kwa lugha ya alama, na timu nzima inalijua.

Baada ya mchezo nilizungumza na baba yake. Alikiri kwamba kabla ya netiboli binti huyo hakutumwa hata dukani. Waliogopa magari, na zaidi waliogopa watu wabaya. Akidhurika atamweleza nani, na kwa lugha gani? Basi akawa mtu wa ndani na vyombo vya jikoni. Kaka zake walicheza nje hadi magharibi.

Mzazi huyo simlaumu, hofu yake ina msingi. Lakini kumfungia mtoto ndani hakumpi ulinzi, kunampunguzia mashahidi. Timu ya netiboli ina wachezaji saba. Maana yake leo binti huyo ana wenzake sita wanaojua kwao, wanaoelewa mikono yake, na ambao asipotokea mazoezini watauliza yuko wapi.

Tena mchezo wenyewe unasaidia. Katika netiboli huruhusiwi kukaa na mpira zaidi ya sekunde tatu. Hakuna nafasi ya kupiga soga, lazima mtazamane. Hapo anayesikia na asiyesikia wanakuwa sawa.

Viziwi hawakuanza michezo jana. Mashindano yao ya kwanza ya kimataifa yalifanyika Paris mwaka 1924. Washiriki walikuwa 148, na mwanamke alikuwa mmoja tu. Tangu mwanzo, basi, msichana kiziwi amekuwa akiachwa nyuma mara mbili.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010. Ni jambo jema, lakini sheria haipeperushi kitambaa. Anayepeperusha ni mwalimu. Anayefungua mlango ni mzazi. Na sisi majirani tunaweza kuanza kwa kuliacha lile neno "bubu" na kuuliza jina la mtoto.

Mimi nala kwa sauti yangu, na najua kwamba maneno haya ninayoyasema redioni binti yule hatayasikia. Nashukuru yanachapwa gazetini. Mwenye kumjua msichana kama yeye, ampelekee gazeti hili asome mwenyewe. Kisha Jumamosi amsindikize kiwanjani.

Kwa juma hili naishia hapa.