Ufundishaji wa Kiajemi kwa Wageni na Utalii Endelevu Nchini Iran

Utalii endelevu, yaani utalii unaozingatia athari za safari kwa uchumi, jamii na mazingira ya leo na ya vizazi vijavyo, hauwezi kupimwa kwa idadi ya wageni peke yake. Nchini Iran, ambako magofu ya Persepolis na uwanja wa Naqsh-e Jahan wa Isfahan viliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, swali zito zaidi ni mgeni huzungumza na nani akiwa huko, kwani asiyejua Kiajemi hupelekwa kulekule wanakopelekwa wenzake wote, na fedha zake huishia kulekule.

Jambo hili huonekana wazi Yazd, mji wa jangwani ulioingia katika orodha hiyo mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya qanat, ambazo ni mifereji ya chini ya ardhi inayochimbwa kwa mteremko mdogo ili maji yatiririke yenyewe hadi kwenye makazi na mashamba. Juu ya ardhi qanat ni safu ya mashimo yaliyozungukwa na udongo tu. Wenye habari zake ni muqanni, fundi anayeichimba na kuizibua, na mirab, msimamizi wa zamu za maji. Mgeni anayeweza kuwauliza hao kwa lugha yao huelewa kwa nini maji ya nyumba anamolala hayamwagwi ovyo.

Hata hivyo, Kiajemi cha vitabuni pekee hakimfikishi huko. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mkate ni *nan* hufika kwenye tanuri akasikia *nun*, kisha akatajiwa bei kwa toman, ambayo kwa desturi ni rial kumi, ilhali noti aliyoshika imeandikwa rial. Linalomtatiza zaidi ni taarof, adabu ya kujishusha na kumkweza mwenzako: muuzaji akiulizwa bei husema kwanza kwamba kitu hicho hakina thamani mbele ya mnunuzi, naye mnunuzi hutarajiwa kusisitiza kulipa. Asiyefundishwa hilo huchukua bidhaa, akashukuru na kuondoka, na hasara humwangukia mwenyeji aliyemheshimu. Mswahili, aliyezoea kupambanua karibu ya chakula iliyo ya dhati na ile ya adabu, hulishika somo hili upesi.

Mwanafunzi Mswahili ana wepesi mwingine pia: *bandari*, *bustani* na *pamba* ni maneno yenye asili ya Kiajemi, kiwakilishi cha nafsi ya tatu cha Kiajemi, kama cha Kiswahili, hakitofautishi mwanamume na mwanamke, na aliyesoma herufi za Kiarabu chuoni huongeza nne tu, za sauti *p*, *ch*, *zh* na *g*.

Walimu wa Kiajemi wanaombwa waingize taarof na lugha ya mazungumzo katika juma la kwanza la masomo, kabla ya mashairi ya Hafez na Saadi.