Mkono mmoja uwanjani



Leo tuzungumze habari ya kupoteza mkono. Kwetu huku, kuanzia Nyarugusu hadi Kahama na Mwakitolyo, jambo hili si geni. Karasha linasaga mawe, jiwe linakwama, kijana anaingiza mkono mara moja tu alitoe. Basi! Kesho yake utasikia, "Masikini, yule kwisha habari yake." Je, kweli amekwisha?

Pete Gray alizaliwa mwaka 1915 huko Nanticoke, mji wa wachimba makaa ya mawe nchini Marekani. Akiwa na miaka 6 alianguka kutoka garini, mkono wake wa kulia ukanaswa na gurudumu. Ukakatwa juu ya kiwiko. Na huo ndio mkono aliokuwa akiutegemea!

Gray alipenda besiboli, mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa gongo. Akajifunza kupiga kwa mkono wa kushoto peke yake. Uwanjani kazi yake ilikuwa kukimbilia mipira inayoruka mbali. Utauliza, alidakaje na kurusha? Alidaka kwa glovu, akaibana kwapani, mpira ukaviringika kifuani, akaunyaka na kuurusha. Yote kufumba na kufumbua.

Vita Kuu ya Pili ilipofika Marekani, aliomba kwenda jeshini. Wakamkataa. Lakini wachezaji wengi walikwenda, na timu zikapungukiwa watu. Mwaka 1944, akiwa Memphis, alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Mwaka 1945 timu ya St. Louis Browns ikamchukua ligi kuu.

Alicheza mechi 77 tu. Warushaji waligundua kwamba akishaanza kuzungusha gongo hawezi kulirudisha, wakawa wanamtupia mipira inayopinda. Baadhi ya wenzake walinung'unika kwamba kaletwa ili watu walipe kiingilio waje kumshangaa. Vita ikaisha, wachezaji wakarudi, naye akashushwa daraja. Ligi kuu hakuiona tena. Alifariki mwaka 2002, akiwa na miaka 87.

Sasa wengine mtasema alishindwa. Mimi sisemi hivyo. Katika siku zake za uwanjani alikwenda hospitali kuwatembelea askari waliokatwa viungo vitani. Wale hawakuhitaji kuhesabiwa mechi. Walimwona mtu mwenye mkono mmoja akiishi kwa kazi yake.

Kinachonisumbua ni ule mlango. Ulifunguliwa kwa sababu watu walikuwa haba, ukafungwa walipopatikana. Nasi je? Rafiki yako akirudi kutoka hospitali na mkono mmoja, utamwita kucheza mpira kama zamani, au utamwacha akae kivulini awalindie nguo? Mwite. Akikosea mkosoe, akifunga mshangilie. Asiwe kioja, asiwe wa kuhurumiwa tu.

Na wewe mwenye mikono miwili, itunze. Zima injini kabla ya kugusa jiwe lililokwama. Mwenzako akiumia, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono wake juu, mkimbize hospitali. Usitie majivu wala udongo. Muulize mganga kuhusu chanjo ya pepopunda.

Jiwe litasubiri. Mkono hauoti tena.