Mti Mpya na Mkono wa Mchumaji

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, wafanya kazi wa mashamba)



Nimeombwa niseme juu ya miti mipya ya matunda: hutengenezwaje, nani huifanya kazi hiyo, na faida yake huenda wapi. Nimechagua tunda moja, nektarini, na mahali pamoja, California katika Marekani, kwa sababu habari za huko zinajulikana wazi. Mwishoni nitarudi kwetu, kwenye kahawa.

Pichi mnalijua, lile tunda lenye manyoya madogo kwenye ngozi yake. Nektarini ni pichi lisilo na manyoya. Ni ukoo ule ule, na tofauti yao inatokana na jambo moja tu la urithi. Manyoya yana nguvu, ulaini hujificha. Ukipandanisha nektarini na pichi lisilo na damu ya nektarini, watoto wote huzaliwa na manyoya. Ukiwazalisha watoto wale wenyewe kwa wenyewe, basi katika wajukuu wanne, mmoja hivi hutoka laini. Kwa hiyo mtu anayetaka nektarini jipya hana budi kungoja mpaka wajukuu.

Zamani nektarini lilikuwa tunda dogo na laini mno. Likisafirishwa mbali lilichubuka na kuoza, kwa hiyo wenye mashamba makubwa hawakulijali sana. Aliyebadilisha jambo hilo ni Bwana Fred Anderson, wa mji mdogo wa Le Grand, wilaya ya Merced. Huyu alipata kufanya kazi kwa Luther Burbank, bingwa mashuhuri wa kuzalisha mimea aliyefariki mwaka 1926. Mwaka 1942 Anderson alitoa nektarini aliloliita Le Grand, kwa jina la mji wake. Lilikuwa kubwa, nyama yake ya manjano, nalo gumu kiasi cha kustahimili safari ndefu. Tangu hapo nektarini likawa biashara, na Anderson akaitwa baba wa nektarini.

Sasa sikilizeni jinsi kazi yenyewe inavyofanywa, kwa maana hapa ndipo mikono inapoonekana. Ua la mti huu hujizalisha lenyewe. Likiachwa lichanue, limekwisha jitia unga wake, na kazi imeharibika. Basi mfanya kazi hupanda ngazi kabla ua halijafunguka, akaling'oa vile vijiti vyenye unga, akaacha sehemu ya kike peke yake. Kisha huchukua unga wa mti baba, uliokaushwa mapema, akaupaka kwa ncha ya kidole au kwa brashi ndogo. Ua moja, halafu ua jingine, mchana kutwa, kwa siku chache tu ambazo maua yapo. Kila tunda litatoa kokwa moja, na kila kokwa mti mmoja.

Kokwa zile huwekwa mahali pa baridi na unyevu kwa muda wa miezi miwili au mitatu, bila hivyo hazioti vizuri. Miche hupandwa kitaluni, halafu shambani. Miaka mitatu hivi hupita kabla ya tunda la kwanza kuonekana. Hapo bwana mkuu hupita katika mistari akionja na kupima, na katika maelfu ya miti huchagua michache tu. Mingine yote hung'olewa. Ile iliyochaguliwa haipandwi kwa kokwa, maana kokwa haitazaa mti sawasawa na mama yake. Hukatwa jicho la mti, likabandikwa juu ya shina la mti mwingine wenye mizizi imara. Jicho moja huwa mti mmoja, na kisu kiko mkononi mwa mfanya kazi. Halafu hupimwa tena miaka kadhaa. Tangu ua la kwanza mpaka mti kuuzwa, miaka kumi si ajabu, na mara nyingi huzidi.

Miaka hiyo yote mtu anatumia fedha na haingizi kitu. Na mti wake ukishatoka, jirani aweza kukata matawi usiku mmoja tu na kuuzalisha kwa maelfu. Kwa hiyo Marekani ilitunga sheria mwaka 1930, ya kumpa mwenye kuzalisha mti mpya hati ya serikali, yaani hataza. Kwa miaka 17 hakuna mtu aliyeruhusiwa kuuzidisha mti ule kwa kukata na kubandika bila idhini yake. Siku hizi ni miaka 20 tangu siku ya kuomba. Bwana Floyd Zaiger, ambaye alipata kufanya kazi kwa Anderson, akaanzisha shughuli yake mwenyewe pale Modesto mwaka 1958. Mpaka alipofariki mwaka 2020, yeye na jamaa yake walikuwa wamepata hati hizo kwa mamia. Mimi siioni sheria hiyo kuwa mbaya. Mtu aliyetoa jasho la miaka mingi anastahili haki yake.

Lakini, ndugu zangu, tazameni na upande wa pili. Mwaka 1935, miaka mitano tu baada ya sheria ya miti, Marekani ilitunga sheria kubwa ya kuwapa wafanya kazi haki ya kujiunga na vyama na kupatana na waajiri. Wafanya kazi wa mashamba waliachwa nje ya sheria hiyo. Waliandikwa humo kwa ajili ya kutolewa tu, na hata leo sheria hiyo ya nchi nzima haiwahusu. Mti wa nektarini ulikuwa na ulinzi wa serikali. Mtu aliyepanda ngazi kuuchuma hakuwa nao.

Mwezi wa Septemba 1965, katika bonde lile lile la San Joaquin walikozaliwa nektarini wa Anderson, wachumaji wa zabibu wa Delano waligoma. Walianza Wafilipino wakiongozwa na Larry Itliong, na baada ya siku chache chama cha Cesar Chavez, chenye watu wengi wa asili ya Meksiko, kikaungana nao. Waliwaomba watu wa mijini wasinunue zabibu zile, na wengi wakaitika. Ilichukua miaka mitano. Mwaka 1970 ndipo wenye mashamba walipotia sahihi mapatano. Na mwaka 1975 California ikatunga sheria yake ya kuwapa wafanya kazi wa mashamba haki ya kuchagua chama chao kwa kura ya siri. Hesabuni wenyewe: tangu 1930 mpaka 1975 ni miaka 45. Miaka 45 mti ulimtangulia mchumaji mbele ya sheria. Wahenga wamesema, mchumia juani hulia kivulini. Huko mmoja alichumia juani, na mwingine akalia kivulini.

Tena mti mpya hubadilisha kazi yenyewe. Mara nyingine hubadilisha kwa wema: nektarini halina yale manyoya ya pichi yanayowasha shingo na mikono. Mara nyingine huongeza ugumu. Matunda machanga hupunguzwa kwa mkono ili yanayobaki yawe makubwa. Mti mmoja huchumwa mara tatu au nne, kwa kuwa hayaivi pamoja. Na aina nyingi mpya zina ngozi nyekundu karibu yote hata kabla ya kuiva, hivyo mchumaji hawezi kuufuata wekundu tu. Lazima atazame rangi iliyo chini yake, kama imetoka kijani kuingia manjano. Hayo ni maarifa, na maarifa yana bei yake.

Sasa nyumbani. Kahawa ya Ruiru 11 ilitolewa na kituo cha utafiti cha Ruiru mwaka 1985, ili kushinda ugonjwa wa buni na kutu ya majani. Mbegu yake hutengenezwa kama nilivyoeleza juu ya nektarini, ua kwa ua, kwa mkono. Mti wake ni mfupi, na hekta moja huchukua miti 2,500 mahali ambapo kahawa ya zamani ilichukua 1,330 hivi. Je, mtu anayelipwa kwa debe au kwa kilo atachuma sawa katika miti ya namna mbili? Anayepogoa kwa idadi ya miti je? Bei iliyowekwa kwa mti wa zamani haiwezi kuchukuliwa tu ikavishwa mti mpya.

Kenya ina sheria ya mbegu na aina za mimea tangu mwaka 1972, na mwaka 1999 iliingia katika mapatano ya mataifa ya kulinda wenye kuzalisha aina mpya. Na sisi tumetangulia wenzetu wa Marekani kwa jambo moja: Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki na ya kujiunga na chama, na inakipa chama haki ya kupatana na mwajiri. Mlango uko wazi. Kazi yetu ni kuingia.

Naomba tawi lifikirie mambo matatu. Kwanza, mwajiri akitaka kupanda aina mpya, awaarifu wajumbe wetu mapema, na bei za kazi zizungumzwe upya kabla ya mavuno ya kwanza. Pili, bei ipimwe shambani, mbele ya wajumbe wa pande zote mbili, ili mtu wa nguvu za kawaida asishuke chini ya mshahara wa siku. Tatu, wale wanaojua kubandika macho ya miti na kuzalisha maua kwa mkono waandikwe kuwa mafundi, walipwe kama mafundi, wala wasiitwe vibarua.

Hatuupingi mti mpya. Ukizaa vizuri, shamba lina fedha na kazi ipo. Tunalosema ni kwamba aliyeugundua amewekewa fungu lake kwa sheria. Aliyeushika kwa mikono yake awekewe lake kwa mapatano. Na mapatano hayaletwi na mtu mmoja mmoja. Huletwa na chama chenye wanachama wanaolipa ada na kuhudhuria mikutano.

Umoja ni nguvu.