Protini Iliyofichua Mimba Zilizotoka Kimya

Tuanzie Berlin, mwaka 1928. Madaktari wawili, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, wanawadunga panya jike wachanga mkojo wa mwanamke. Baada ya siku chache panya wanapasuliwa. Ovari zao zikiwa zimepevuka kabla ya umri, mwenye mkojo ana mimba.

Kilichowapevusha panya wale ni protini tunayoiita leo hCG. Hutengenezwa na seli zinazokizunguka kiinitete, zile zitakazokuja kuwa kondo la nyuma. Huingia katika damu ya mama na kuzihimiza ovari ziendelee kutoa projesteroni, homoni inayoishikilia mimba. Katika majuma ya mwanzo hCG hupanda kwa kasi. Ikipanda kwa kusuasua, au ikianza kushuka, daktari hupata wasiwasi: huenda mimba inaharibika, au imetunga nje ya mfuko wa uzazi.

Lakini hCG inafanana mno na homoni nyingine ya mwili, na vipimo vya zamani vilizichanganya. Mwaka 1972, Judith Vaitukaitis na wenzake, katika taasisi za taifa za afya za Marekani, walitangaza kipimo kilichotambua ile sehemu ya hCG isiyofanana na ya homoni hiyo nyingine. Sasa hata kiasi kidogo sana kilionekana.

Ndipo mtafiti Allen Wilcox na wenzake, huko North Carolina, wakawaomba wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mtoto wahifadhi mkojo wao kila asubuhi, ili upimwe hCG. Matokeo yalichapishwa mwaka 1988, na mimi kila nikiyasoma husimama hapo. Zilionekana mimba 198. Asilimia 31 zilitoka, na nyingi kati ya hizo, asilimia 22 ya mimba zote, zilitoka kabla hazijagunduliwa kwa njia ya kawaida. Damu ilikuja, ikadhaniwa ni hedhi.

Mama, dada, unayenisikiliza: mimba ikitoka, wewe ndiye unayeulizwa ulibeba nini kizito, ulikula nini, ulimkosea nani. Lakini sehemu kubwa ya mimba zinazotoka mapema huwa na kasoro za kromosomu, zilizokuwepo tangu yai linarutubishwa au muda mfupi baadaye. Na wale wanawake 40 wa North Carolina waliopoteza mimba pasipo kujua? Asilimia 95 yao walishika mimba nyingine ndani ya miaka miwili.